Densiti na mpindo wa mwanga: Siri iliyomo ndani ya mkebe wa maziwa

Katika maeneo ya Mulot, kando ya Mto Amala, ambako Kaunti ya Bomet hupakana na ile ya Narok, mfugaji anayepeleka maziwa kituoni hukabiliwa kwanza na kijiti cha kioo. Kifaa hicho, laktomita, hutumbukizwa ndani ya maziwa, na kadiri kinavyoelea juu ndivyo maziwa yanavyohesabiwa kuwa mazito. Kikizama kupita kiasi, karani hushuku kwamba maji yametiwa, na mkebe hurudishwa nyumbani ukiwa umejaa.

Kinachopimwa hapo ni densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita ya maziwa ya ng'ombe, takriban kilo 1.03. Tofauti ni gramu 30 tu, na karo ya watoto hutegemea gramu hizo.

Lakini kila kiowevu kina kipimo kingine, nacho ni kiasi kinavyoupinda mwanga. Kijiko kilichosimama ndani ya gilasi ya maji huonekana kana kwamba kimevunjika, kwa sababu mwanga hupunguza kasi uingiapo majini: kutoka kilomita 300,000 kwa sekunde hadi karibu 225,000. Kasi ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili hupatikana 1.33, ambacho ndicho kipimo cha mpindo wa mwanga katika maji.

Je, kitu chenye densiti kubwa ndicho kinachopinda mwanga zaidi? Wengi hujibu ndiyo, na lugha ya darasani huongeza utata kwa kukiita kitu kinachopinda mwanga zaidi "kizito" kwa mwanga.

Maadamu kitu ni kile kile, jibu hilo ni sahihi. Hewa ya Kericho, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ina densiti pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban moja kwa tano, na uwezo wake wa kupinda mwanga hupungua kwa kiasi hicho hicho. Dereva anayetoka Narok kuelekea Mulot jua la mchana huushuhudia uhusiano huo kwa macho yake. Lami huipasha joto hewa iliyo juu yake, hewa hiyo hutanuka na kuwa nyepesi, nao mwanga wa anga unaoshuka hapo hujipinda kurudi juu. Aonacho barabarani kama dimbwi la maji ni mazigazi. Sukari nayo hufuata mkondo huo: maji yaliyoyeyushiwa sukari nusu kwa nusu kwa uzito yana densiti ya 1.23 na kipimo cha mpindo cha 1.42.

Waingereza wawili, John Hall Gladstone na Thomas Pelham Dale, waliueleza uhusiano huu kwa hesabu katika karne ya 19: kipimo cha mpindo kikitolewa 1, kinachobaki huongezeka sambamba na densiti. Baadaye Ludvig Lorenz wa Denmark na Hendrik Lorentz wa Uholanzi, ambao majina yao yamewasumbua wanafunzi tangu hapo, walitoa kanuni iliyo sahihi zaidi.

Tatizo huzuka vinapolinganishwa vitu viwili tofauti. Mafuta ya kupikia huelea juu ya maji kwa kuwa densiti yake ni karibu 0.92, ilhali kipimo chake cha mpindo ni 1.47. Mafuta taa, mepesi zaidi, hufikia 1.44. Almasi ina densiti ya 3.5 na yakuti 4.0, lakini almasi hupinda mwanga kwa 2.42 nayo yakuti kwa 1.77 tu. Sababu ni kwamba mwanga haujali uzito. Huvutana na elektroni, na kila maada huzishikilia elektroni zake kwa namna yake.

Maziwa yamebeba hali zote mbili. Chembe za mafuta yake ni nyepesi kuliko maji, lakini hupinda mwanga zaidi. Tofauti hiyo, pamoja na chembe za protini, hutawanya mwanga kila upande na kuyafanya maziwa yawe meupe.

Wepesi huo wa mafuta ndio mwanya wa wadanganyifu. Malai yakienguliwa, maziwa huwa mazito. Maji yakitiwa, huwa mepesi. Na anayefanya yote mawili kwa kiasi huweza kuirejesha laktomita palepale pa kawaida. Kwa upande mwingine, mfugaji mwaminifu aliyeleta maziwa yangali na joto la kiwele huonekana mkosaji, kwani joto hupunguza densiti.

Rifraktomita, kifaa kipimacho mpindo, hufaa sana kwa asali. Kwa maziwa haisomi vizuri kwa sababu ya weupe huo. Sharti yagandishwe kwanza na kuchujwa, kisha yapimwe maji yake. Ndiyo maana vituo vyenye vifaa hupima joto kabla ya kusoma laktomita, hupima mafuta kwa njia ya Gerber, na penye shaka huchunguza kiwango cha kuganda kwa baridi, ambacho ni karibu nusu nyuzi ya Selsiasi chini ya sifuri, na ambacho hukaribia sifuri maji yanapotiwa, hata malai yakiwa yameenguliwa.