Kunusurika Kufa Maji: Athari za Muda Mrefu

Kunusurika kufa maji ni kutolewa majini ukiwa hai baada ya maji kuziba pumzi. Mkutano wa kimataifa wa Amsterdam mwaka 2002 ulipendekeza mkasa wote uitwe kuzama, uishie kwa kifo, madhara au kupona kabisa. Madhara ndiyo husahaulika, maana ndugu wakishamwona mtu wao anapumua humshukuru Mungu na kurudi naye nyumbani.

Ubongo ndio huumia zaidi. Chembe zake huanza kufa baada ya dakika chache bila oksijeni, zikitangulia zile za kumbukumbu na zile zinazoongoza mijongeo ya mwili. Aliyezama kwa muda usiofika dakika 5 mara nyingi hupona vizuri. Zikipita 10, hatari hupanda haraka. Wengine hubaki na usahaulifu, hasira za ghafla au kifafa. Wengine misuli huwashtuka kila wanaponyoosha mkono kushika kikombe. Mtoto anaweza kuonekana mzima, kisha pengo likajitokeza miaka baadaye, darasani. Wapo pia watoto wasioweza kusema wala kutembea ilhali wanaelewa mengi yanayosemwa mbele yao. Mama anayesisitiza kwamba mwanawe anamsikia asipuuzwe.

Baridi kali huweza kuukinga ubongo. Mei 1999, karibu na Narvik, Norwei, daktari Anna Bågenholm kutoka Uswidi alinasa chini ya barafu ya kijito kwa dakika 80, akapata mahali penye hewa kwa muda tu, na joto la mwili wake likashuka hadi nyuzi 13.7. Alitibiwa Tromsø. Akili yake ilirudi, naye akarudi kwenye udaktari. Kilichobaki ni mishipa ya fahamu ya mikono iliyoumia. Maji ya Ziwa Victoria au ya pwani ya Afrika Mashariki hayana baridi ya kiasi hicho. Huko mhanga hutegemea atakayempulizia pumzi papo hapo.

Mapafu hupona kwa wengi. Hata hivyo, maji machafu huweza kuingiza kuvu wanaosafiri hadi kwenye ubongo na kutunga usaha wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo homa au maumivu ya kichwa yasiyoisha hayafai kungojewa.

Halafu kuna hofu. Harrison Okene, mpishi Mnigeria, alikaa takriban saa 60 ndani ya meli iliyozama Mei 2013, akivuta hewa iliyobaki chumbani. Hakumeza maji hadi kuzimia, lakini jinamizi lilimwandama muda mrefu baada ya kuokolewa. Baadaye alisomea uzamiaji.

Mwogeleaji hodari aliyezama bila sababu ya wazi apimwe mapigo ya moyo. Hitilafu moja ya kurithi katika umeme wa moyo huamshwa na kuogelea, na ikigunduliwa kwake, wazazi, ndugu na watoto wake nao hupaswa kupimwa.