Mlima Umebadilika, Ukurasa Bado

Asubuhi ya Mei 11, 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akiwa njiani kutoka Rabai karibu na Mombasa kwenda nchi ya Wachagga, aliona weupe juu ya mlima. Akamwuliza mwongozaji wake ni nini kile. Jibu alilopewa limebaki kwenye shajara yake: baridi. Mwongozaji hakuwa na jina la theluji, lakini alijua inamfanya nini mtu. Habari ikachapishwa London mwaka 1849, katika jarida la wamisionari, na huko ikagonga ukuta.

Ukuta huo uliitwa William Desborough Cooley. Msomaji asidhani Cooley alikuwa mjinga. Alikuwa ametumia miaka mingi kusoma vitabu vya Wareno, na alikuwa amemhoji Khamis bin Uthman, Mswahili aliyefika London miaka ya 1830. Mwaka 1845 alichapisha utafiti mrefu kuhusu ziwa la ndani ya Afrika, na watu wakamheshimu. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Alikuwa na nakala yake ya bara hili, nzuri, iliyopangwa vizuri, na katika nakala hiyo hapakuwa na theluji karibu na Ikweta. Basi, aliyeona kwa macho ndiye akaambiwa macho yamemdanganya. Mwaka 1852 Cooley akatoa kitabu kizima akiendelea kushikilia yake.

Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton. Mwaka uliofuata akarudi na Otto Kersten, wakafika karibu mita 4,300, na theluji wakaishuhudia. Royal Geographical Society ikampa von der Decken medali. Cooley? Hakubali.

Nimekuwa nikimfikiria Cooley kwa sababu ya jambo ambalo halihusiani kabisa na wamisionari. Muulize kijana yeyote anayejifunza kutengeneza tovuti, awe Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi au kwenye chumba cha kupanga kule Majengo, atakusimulia kisa kimoja. Amebadilisha kitufe kutoka bluu kuwa kijani. Amehifadhi faili. Amerifreshi ukurasa. Kitufe bado bluu. Anabadilisha tena: bluu. Anafuta mstari mzima wa kitufe, na kitufe kipo tu, tena kinabonyezeka!

Hatari hapo si kupoteza muda peke yake. Hatari ni kwamba mtu huanza kuharibu msimbo uliokuwa sahihi. Anaona kilichopo kwenye kioo, anaamini ndicho alichokiandika, anakirekebisha kisichoumwa. Baada ya saa mbili ana makosa kumi ya kweli, yote yamezaliwa na kosa moja ambalo halikuwepo.

Mchawi hapo mara nyingi ni kache. Neno lenyewe ni la Kifaransa, lenye maana ya mahali pa kuficha kitu, na liliingia kwenye kompyuta kupitia IBM mwaka 1968, kwa mashine yao iitwayo System/360 Model 85. Wazo lilikuwa la zamani kidogo kuliko jina. Maurice Wilkes wa Cambridge alikuwa ameliandika mwaka 1965: weka kumbukumbu ndogo yenye kasi karibu na kichwa cha mashine, ihifadhi nakala za vitu vinavyotumika sana, ili mashine isisafiri kila mara kwenda kwenye ghala kubwa lililo mbali.

Mtandao ulipokuja, ukarithi akili hiyohiyo. Kanuni za HTTP zilizochapishwa Mei 1996 tayari ziliruhusu kivinjari kuuliza seva, "Faili hili limebadilika tangu tarehe fulani?" Mwaka 1997 zikaja kanuni pana zaidi, za kusema nakala iishi sekunde ngapi na itambulishwe vipi. Kwetu sisi jambo hili halikuwa anasa. Kabla mkonga wa SEACOM haujafika Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano yetu ya intaneti na nje yalitegemea sana satelaiti, na kila herufi iliyopita huko iligharimu. Kutunza nakala jirani ilikuwa busara, kama kujaza ndoo maji yanapotoka.

Lakini kivinjari hakimjui mwandishi wa ukurasa. Kwake, anayetengeneza tovuti kwenye laptopu yake na anayeisoma kutoka Songea ni watu walewale. Wote anawapa nakala aliyonayo mkononi, mradi muda wake haujaisha. Kwa hiyo mtu wa mwisho kuona badiliko anaweza kuwa yuleyule aliyelifanya.

Sasa dawa yake? Wanaofundisha programu hutaja kwanza vitufe: Ctrl na Shift na R, au kufungua dirisha la faragha. Mara nyingi vinasaidia. Lakini visiposaidia, watu hubaki kuvibonyeza kama wanapiga ramli. Mimi naona mbinu bora iko miteremkoni kwetu, tena ya miaka mingi: mfongo.

Wachagga walichimba mifongo kuleta maji ya mito ya juu hadi kwenye vihamba, kabla ya mkoloni wa kwanza kufika. Njiani huwa kuna nduwa, bwawa dogo la kukusanyia maji, hasa ya usiku, ili kesho yake yatoke kwa nguvu. Sasa maji yasipofika kwako, hupigi kelele shambani. Wala hung'oi migomba. Unapandisha na mfongo, hatua kwa hatua, ukitazama: hapa yapo? Hapa je? Mahali ambapo juu yake pana maji na chini yake ni pakavu, hapo ndipo penye shida. Labda jirani amefungua kwake. Labda ukingo umebomoka. Labda nduwa bado imefungwa.

Ukurasa wa tovuti nao una mfongo wake. Andika kwenye faili neno moja la ajabu, ambalo haliwezi kuwa limeandikwa kwingine, kisha lifuate kwenda juu. Kivinjari kina zana za watengenezaji zinazoonyesha kile seva ilichotuma. Kama neno lipo humo lakini kwenye ukurasa halipo, tafuta ndani ya kivinjari. Kama halipo, angalia kwanza kama jibu limetoka kwenye nakala iliyohifadhiwa. Kivinjari chenyewe kitakuambia. Kama limetoka kwa seva kweli, panda. Je, seva ilisoma msimbo mara moja tu ilipowashwa, na tangu hapo haijazimwa? Je, kuna programu ya kuunganisha mafaili ambayo ilipaswa kukimbia na haikukimbia, seva ikawa inagawa matokeo ya jana? Na juu kabisa, kwenye chanzo: faili unalohariri ndilo seva inalolisoma, au una folda mbili zenye jina linalofanana? Hili la mwisho huchekesha watu hadi liwakute.

Phil Karlton, aliyefanya kazi Netscape, anakumbukwa kwa mzaha kwamba katika sayansi ya kompyuta mambo magumu ni mawili tu: kujua nakala imepitwa lini na wakati, na kuvipa vitu majina. Nadhani Kilimanjaro ungemwelewa. Kilele ambacho Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikifikia Oktoba 6, 1889 kilipewa jina la Kaisari Wilhelm. Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na Mwenge huko juu, na kilele kikawa Uhuru. Urefu nao una historia yake. Wajerumani wa zama za Meyer walikadiria zaidi kidogo ya mita 6,000. Vipimo vya Waingereza vya mwaka 1952 vikatoa 5,895, namba tuliyoimba sote shuleni. Mwaka 1999 wapimaji waliotumia satelaiti wakapata 5,892. Kibao cha kileleni bado kinasema 5,895.

Na sisi wapenda vitabu tuna nakala yetu. Ernest Hemingway alichapisha "The Snows of Kilimanjaro" mwaka 1936, na mwanzoni kabisa akautaja mlima kuwa na futi 19,710, yaani kama mita 6,008. Namba hiyo iko karibu sana na makadirio ya zama za Meyer. Kila anayefungua hadithi hiyo leo anapewa mlima ambao wapimaji walishauacha. Kwa hadithi hilo halina ubaya. Hadithi haidaiwi kubadilika kila mlima unapopimwa upya.

Kinachonisumbua ni jina la hadithi yenyewe. Kati ya mwaka 1912 na 2007, eneo lililofunikwa na barafu juu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 85. Lakini tazama mabango ya watalii, kalenda ukutani, mapambo ya mahoteli: kilele ni kilekile, cheupe pe. Cooley alikataa theluji iliyokuwepo. Sisi tunaendelea kuitundika ukutani theluji ambayo kwa sehemu kubwa haipo tena, na tofauti yetu na yeye ni kwamba tunaweza kuinua macho.

Nakala si uongo. Ilikuwa kweli siku ilipochukuliwa, na ndiyo maana inaaminika kirahisi. Picha ya mlima haina tarehe ya kwisha muda kama faili la HTTP, na hakuna kitufe cha kuirifreshi. Kuna watu tu wanaokaa chini ya mlima, wanaopanda nao mizigo, wanaofuata mfongo na kuona maji ya mwaka huu si ya mwaka juzi. Wakisema kumebadilika, ni vizuri tukaangalia huko juu kabla ya kuwaambia kwamba macho yao yamewadanganya.