Fedha Ndani ya Tundu

Ukishika ushanga wa kioo uliotengenezwa kwa mkono na kuuzwa ghali, usiangalie maua yake kwanza. Uinue mbele ya dirisha uchungulie tunduni. Kama ni wa aina ninayotaka kuzungumzia, utakuta ukuta wa fedha unang'aa: mrija mwembamba umepita katikati ya kioo, midomo yake imekunjwa pande zote mbili kama zile pete za chuma kwenye matundu ya kamba za kiatu. Watu hununua rangi. Mimi kilichonivuta ni huo mrija, kwa sababu tundu ndilo sehemu ya ushanga ambayo karibu hakuna anayeiandika, na ndipo mambo mengi yametokea.

Tuanze Venice, kwa sababu kwa karne nyingi biashara ya shanga za kioo ilipitia huko. Mwaka 1291 serikali ya mji huo iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano. Sababu inayotajwa sana ni hofu ya moto, maana nyumba nyingi za mji zilikuwa za mbao. Mafundi wa huko walikuwa na njia mbili za kupata tundu. Ya kwanza: unapuliza kiputo kwenye donge la kioo cha moto, watu wawili wanalishika huku na huku na kuvutana wakitembea kwa haraka, donge linakuwa mrija mrefu mwembamba, kisha unaukatakata. Tundu hapo ni hewa iliyonyooshwa. Zile shanga ndogo ndogo za mikufu ya Kimaasai, ambazo leo nyingi hutoka Jamhuri ya Cheki, ni wajukuu wa njia hiyo.

Njia ya pili ni ya subira. Fundi anakaa mbele ya moto mdogo, anayeyusha ncha ya ufito wa kioo na kuuzungushia kwenye chuma, ushanga mmoja mmoja. Wengine walitumia waya wa shaba, halafu ushanga ukipoa wakauzamisha katika tindikali ya nitriki, shaba ikaliwa yote, kioo kikabaki. Yaani chuma kilikuwemo katikati ya ushanga, na kazi ya mwisho ya kiwanda ilikuwa kukiondoa. Hebu weka hilo akilini.

Shanga hizo zilikuja kwetu. Karne ya 19 zilishushwa Unguja na kubebwa na wapagazi hadi bara, na huko hazikuwa mapambo tu bali pesa za njiani, za kununulia chakula na kulipia hongo ya kupita. Richard Burton, aliyesafiri njia za misafara kati ya 1857 na 1859, alitaja aina karibu 400, kila moja na jina lake na mahali inapopendwa. Msafara uliokosea rangi ungeweza kufika mahali na mzigo mzima usionunua hata kuku. Hesabu yenyewe ilikuwa ya uzi: ushanga uliotungwa uliitwa kete, na kete kumi zikafanya fundo. Bila tundu hakuna kete, na bila kete hakuna bei.

Samsam, ushanga mwekundu uliogombaniwa sana, ulikuwa na siri yake. Wekundu ulikuwa nje tu, ndani ulikuwa mweupe. Kioo chekundu kilikuwa ghali, baadhi yake kikipata rangi kwa kutiwa dhahabu kidogo, kwa hiyo katikati palijazwa kioo cha bei rahisi. Sioni utapeli hapo, na weupe ule kweli uliusaidia wekundu kuwaka. Lakini ona mantiki ya muuzaji: kiini hakionekani, kwa hiyo kiini ndipo pa kubana matumizi.

Waliobanwa zaidi walikuwa wanawake wa Venice walioitwa impiraresse, watungaji wa shanga. Walikaa milangoni na trei ya mbao mapajani, sindano ndefu nyingi zimepangwa mkononi kama kitana, wakizichomeka kwenye rundo la shanga zipande zenyewe. Walilipwa kidogo kwa kazi iliyomaliza macho. Mwaka 1904 waligoma. Nikiona picha za misafara yetu, siku hizi huwa nawafikiria na wao: kila ushanga uliolipia njia ya bara ulikuwa umepita kwenye sindano ya mtu fulani.

Haya, fedha iliingiaje? Kwa Kiswahili neno lenyewe lina utani wake, maana fedha ni ile ya sonara na ni ile ya mfukoni. Hapa zote mbili zilifika pamoja.

Mwaka 1976 huko Denmark, familia ya sonara Svend Nielsen ilianza kutengeneza shanga za fedha ambazo baadaye zilijulikana kama Trollbeads. Mwaka 1982 likafunguliwa Copenhagen duka la Pandora, na mwaka 2000 Pandora wakatoa bangili ambayo mwenyewe unaijaza shanga moja moja. Ilivuma kiasi kwamba kufikia Oktoba 2010 kampuni ilikuwa imeingia soko la hisa. Bangili ya namna hiyo haitaki uzi. Ushanga unapita kwenye mnyororo mnene wa chuma, kwa hiyo tundu la milimita 2 halifai tena, inahitajika karibu 5. Na chuma kikisuguana na kioo kila unapoinua mkono, kitakacholika ni kioo. Hapo mrija wa fedha ukapata kazi.

Mafundi huru waliokuwa wakichoma shanga majumbani, Marekani na Uingereza hasa, waliona soko. Walikuwa wameshaanza kujipanga. Chama chao cha Marekani kiliundwa 1993. Ila hawakuwa na mashine za kiwanda, kwa hiyo ilibidi wabuni namna ya kuvisha kioo fedha juu ya meza ya jikoni.

Kazi iko hivi. Fimbo ya chuma cha pua yenye unene wa karibu milimita 5 inachovywa kwenye udongo laini wenye maji, kisha inakaushwa. Bila udongo huo kioo kitashika chuma na hakitaachia. Fundi anazungusha kioo juu yake ndani ya moto wa gesi na oksijeni, anaweka rangi, anahakikisha midomo ya tundu imejikunja kwa ndani kidogo kama kitovu. Halafu ushanga unaingia kwenye tanuri la umeme, joto la zaidi kidogo ya digrii 500, ukae humo kisha upoe polepole. Ukiuharakisha, nje itasinyaa huku ndani bado pana moto, na utapasuka, pengine wiki moja baadaye ukiwa umekaa mezani bila kuguswa na mtu.

Kwani si ingekuwa rahisi kuzungushia kioo moja kwa moja juu ya mrija wa fedha? Mimi chuo niliacha, lakini hii ni fizikia ya sekondari. Fedha hupanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya kioo hiki. Vishikane vikiwa vya moto, vikianza kupoa kila kimoja kitavuta upande wake, na kioo ndicho kitakachoshindwa. Tena fedha ya sonara, ile yenye sehemu 925 kwa 1,000, huyeyuka kabla ya digrii 900, na moto wa fundi unapita hapo bila jasho.

Kwa hiyo fedha huingia baridi. Mrija unakatwa uzidi urefu wa ushanga kwa milimita moja hivi kila upande, unasawazishwa kwa tupa na msasa, kisha unapashwa moto hadi wekundu hafifu na kutumbukizwa majini. Kioo ukikifanyia hivyo umekiua. Fedha hulainika. Ndipo mrija unapitishwa tunduni na kubanwa kati ya vyuma viwili vyenye vichwa vya duara, unakaza skrubu kidogo, unageuza upande, unakaza tena. Midomo inafunguka kama tarumbeta, halafu inajikunja na kulala kwenye kile kitovu cha kioo. Hakuna gundi. Kinachoshika ni ule mkunjo peke yake. Ukizidisha hata robo mzunguko utasikia tik, na ushanga uliokula saa nzima motoni umekwisha.

Ndiyo maana ule wa bei ya chai unatumia njia nyingine: vikofia viwili vya aloi vinabandikwa kwa gundi, kimoja kila upande, katikati hakuna kitu. Mbele ya dirisha utaona hapo hapo. Vikofia vikianza kucheza, kioo kinarudi kusagwa na mnyororo.

Hadi hapo sina ugomvi na mrija wa fedha. Kwangu mimi ni kazi safi, na kwa mara moja katika historia hii ndefu mtu ameamua kutumia gharama mahali pasipoonekana. Ugomvi wangu ni kwa shanga za zamani.

Kuanzia miaka ya 1960, wafanyabiashara wa Afrika Magharibi walipeleka Marekani na Ulaya shanga za Venice zilizokuwa zimekaa Afrika vizazi kadhaa, na vijana wa huko wakazivaa shingoni. Nyingi zipo bado kwa wakusanyaji. Sasa wapo wanaozivisha fedha nazo, ziingie kwenye bangili za kisasa. Ushanga wa namna hiyo ukiuchungulia kabla haujaguswa, tundu lake si duara tena. Limelika upande mmoja ulipovutwa na uzi, midomo imesagwa na shanga jirani, kuna uchafu ulioganda ambao maji hayautoi. Asiyejua kusoma hayo ataona kasoro. Mimi naona ndiyo rekodi pekee iliyobaki ya watu waliouvaa, maana hakuna daftari lililowaandika.

Tundu hilo lina milimita 2 na bangili inataka 5. Fundi anachukua keekee yenye ncha ya almasi, anaushika ushanga chini ya maji ili usipate joto, anachimba taratibu. Milimita 3 zinatoka, unga mweupe wa kioo unaotiwa sinki pamoja na maji. Kisha mrija unaingia, midomo inakunjwa, na ukichungulia unaona fedha tupu.