Njia ya Ujiji na maradhi ya kuvunjika moyo

Wageni wanaofika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huonyeshwa tembe alimokaa David Livingstone kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Husimuliwa pia habari za Stanley, mwandishi wa gazeti, aliyeondoka hapo mwezi Machi mwaka huo na shajara ya Livingstone iliyotiwa lakiri. Kwangu mimi, jambo zito kuliko yote katika maandishi yale ni taarifa fupi ya mwishoni mwa 1870, kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Livingstone alikuwa daktari. Aliwaona watu wakifa kwa ugonjwa ambao hakuweza kuupa jina jingine ila kuvunjika moyo.

Walikuwa mateka wa mfanyabiashara Said bin Habib, watu waliozaliwa huru. Minyororo waliivumilia mpaka walipovushwa Mto Lualaba. Walipogeuka na kuona maji yale mapana yamewatenga na kwao, nguvu ziliwaishia. Baadhi walifungua midomo kulalamika maumivu tu, wakaweka mkono kifuani, penye moyo hasa. Ndani ya siku tatu wengi walikuwa wamekufa. Horace Waller, aliyehariri shajara na kuichapisha mwaka 1874 baada ya kuzungumza na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, aliongeza habari za watoto. Hao walitembea kwa uvumilivu wa ajabu, hadi msafara ulipopita karibu na kijiji wakasikia ngoma na watu wakicheza. Hapo walikumbuka kwao, wakalia, na baada ya hapo walidhoofika upesi. Chuma alijua anachokisema, kwani yeye mwenyewe aliokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, akiwa bado mtoto.

Sayansi ilichelewa kufika hapo. Mwaka 1936 Hans Selye, akifanya kazi Montreal, alieleza kwamba panya waliotiwa kwenye mateso ya namna mbalimbali, baridi au kuchoshwa kupita kiasi, miili yao ilionyesha dalili zilezile: tezi zilizo juu ya figo zilivimba, tumbo likatoka vidonda, na tezi ya thaimasi ikanywea. Thaimasi ndimo zinamokomaa baadhi ya chembe nyeupe za damu zinazopambana na maradhi. Tezi za juu ya figo hutoa kortisoli, homoni inayomsaidia mtu kuikabili hatari kwa muda mfupi. Hofu ya dakika chache huamsha askari wa mwili na kuwatawanya tayari kwa jeraha. Lakini hofu isiyokoma, ya wiki na miezi, huwazuia kuongezeka na kufanya kazi yao.

Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza, ambamo watu wazima wenye afya walitiliwa virusi vya mafua puani. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mkubwa wa mawazo, ndivyo uwezekano wake wa kuambukizwa na kuugua ulivyopanda. Miaka minne baadaye Janice Kiecolt-Glaser aliwachunguza wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Kidonda kidogo kilichotiwa mkononi kiliwachukua siku 9 zaidi kupona kuliko wenzao wasio na mzigo huo.

Ila jaribio ninaloliona karibu zaidi na yaliyowapata mateka wale ni la Mark Laudenslager na wenzake, la mwaka 1983. Panya wa makundi mawili walipigwa na umeme kwa kiasi kilekile. Kundi moja liliweza kuuzima. Jingine halikuwa na la kufanya. Chembe za kinga zilizorota katika kundi la pili peke yake.

Sasa tuitazame njia ya misafara waliyopitishwa mateka, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo hadi Tabora na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi nao waliipita, wakiwa na mzigo wa frasila mbili au zaidi begani, yaani kilo 30 na kitu, kwa miezi. Njaa ya Ugogo waliionja. Ndui haikuwachagua, na msafiri Burton, aliyepita 1857, alikuta maiti za waliokufa kwa ndui zimeachwa njiani. Lakini mpagazi alikuwa amekubaliana ujira wake wa nguo. Akionewa alitua mzigo akatoroka, na vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa manung'uniko juu ya jambo hilo. Mbele yake alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, na jioni alikuwa na watu wa kambi yake aliokula nao. Alikuwa pia na watani katika makabila ya njiani, na mtani ana haki ya kudai chakula na wajibu wa kuzika. Mateka alikuwa ameng'olewa katika hayo yote.

Sisemi kwamba kinga iliyodhoofika ndiyo iliyowaua wale wa Lualaba kwa siku tatu. Kinga haiporomoki kwa kasi hiyo. Kifo cha ghafla namna ile kinaelekea zaidi kwenye moyo wenyewe, na Walter Cannon alieleza mwaka 1942 jinsi hofu kuu inavyoweza kuangusha mzunguko wa damu. Tena njaa, kiu na uchovu vilikuwa vimekwisha kuwamaliza. Lakini kwa waliosalia, waliosukumwa miezi mingine kuelekea Tabora na pwani, kortisoli, utapiamlo na vijidudu vilikutana katika mwili mmoja, na kuvitenganisha ni kuidhulumu historia yao.

Kifua kikuu ndicho kinachotuonyesha hili leo. Watu wengi huishi na vijidudu vyake vimelala, vikizuiwa na kinga, na huamka kinga ikilegea kwa VVU, kisukari, njaa, na kwa msongo wa muda mrefu pia. Nchini Tanzania, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma unamruhusu mgonjwa achague kama atamezea dawa kituoni au nyumbani, na nyumbani achague mtu wa kumsimamia, awe mke, ndugu au jirani. Utaratibu huo uliwekwa ili dozi isikatike. Nadhani madaktari wangepaswa kuupima pia kwa jicho la pili, kwa kuwa mgonjwa amepewa vitu viwili ambavyo mateka wa Manyema walinyang'anywa: uamuzi na mtu wake.