Bustani ya Rungwe Haikuota Yenyewe

Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa akapanda katika nchi ya Wanyakyusa, na kitabu alichochapisha mwaka 1881 kilieneza Ulaya sifa za migomba yake, nyumba zake nadhifu na nyua zilizofagiliwa. Sifa hiyo haijafa. Abiria wa basi linaloshuka kutoka Mbeya kwenda Kyela, likikatiza Tukuyu katikati ya chai na migomba, husikika akisema kwamba ardhi ya huku imebarikiwa, ukitupa mbegu inaota. Baraka ipo, lakini usemi huo unaficha wenye nchi. Bustani ya nyumbani ya wilaya ya Rungwe ni kitu kilichotengenezwa na watu, kizazi baada ya kizazi, na sehemu kubwa ya utengenezaji huo ilikuwa kujiandaa kwa miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, ambamo neema ya mvua na joto husinzia.

Tukuyu iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, chini ya Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Baridi yake haiui mimea kama ile ya nyanda za Kitulo, lakini huichelewesha. Joto likishuka na ukungu ukilala, mgomba hupunguza kutoa majani na mkungu huchukua muda mrefu kukomaa. Kwa watu ambao ndizi ndiyo iliyokuwa nguzo ya chakula chao, hili halikuwa jambo dogo. Mkulima wa mtama wa nchi kavu hukabili majira magumu kwa kujaza ghala. Ndizi mbichi haziwekeki ghalani, na kwa sehemu kubwa ghala la Mnyakyusa lilikuwa shamba lenyewe: mikungu iliyopishana umri, magimbi na viazi vitamu vilivyoachwa ardhini mpaka vihitajike, na mahindi yaliyokaushwa. Aliyetaka kula Agosti alipaswa kuwa ameulisha mgomba mapema, kuupalilia mvua zilipopungua, kuondoa majani makavu na mashina yaliyokwisha kuzaa, na kuyarudisha shinani kama matandazo.

Chakula cha mgomba huo kilitoka kwa ng'ombe. Mwanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta ng'ombe wakilala ndani ya nyumba ndefu pamoja na wenyewe. Macho ya mgeni huona hapo ukosefu wa zizi. Lakini desturi hiyo ilitimiza mambo mengi kwa mpigo: iliwalinda ng'ombe dhidi ya wezi na wanyama wakali, iliongeza joto ndani ya nyumba, na ilikusanya samadi mahali pamoja, hatua chache tu kutoka kwenye migomba iliyoizunguka nyumba. Usafi wa nyua uliomfurahisha Thomson ulikuwa upande mmoja wa kazi ambayo upande wake wa pili ni rutuba, kwani kinyesi kilichotolewa ndani kila asubuhi kilikuwa mbolea. Kwenye mashamba ya mbali na nyumba ilitumika njia nyingine: wanaume na vijana wao walilima matuta wakizifukia nyasi na magugu ndani yake ili yaoze. Majembe ya chuma waliyapata kwa wahunzi wa Kikinga wa milima ya mashariki, wakibadilishana nao kwa chakula.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya yote ni pambo tu, kwa kuwa udongo wa Rungwe ni wa majivu ya volkano, na kilima cha Kiejo kilitapika lava karibu mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu ya miamba. Pingamizi hili lina uzito, ila linasahau mvua. Sehemu kubwa ya wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na maji mengi kiasi hicho huosha virutubisho na kuvizamisha chini ya mizizi. Tena udongo wa majivu una tabia ya kuishika fosforasi kwa nguvu hata mmea usiifikie kwa urahisi. Samadi na majani yanayooza ndiyo hupunguza hasara hizo zote mbili. Volkano ilitoa mtaji, lakini bila wa kuurudishia, mvua ingeumaliza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya marika, na kila kizazi kilipokabidhiwa nchi katika sherehe ya kutawazwa, wazee walisogea kando na ardhi ikagawanywa upya. Watu wanaohama hivyo wangejengaje bustani ya kudumu? Jibu ni kwamba kuhama huko kulitokea mara moja kwa kizazi, na ardhi iliyotunzwa haikutupwa, ilipata mtumiaji mwingine. Zaidi ya hapo, ushahidi wa baadaye unaonyesha kwamba kutulia mahali pamoja hakukutosha kuilinda rutuba. Kahawa, iliyoanza kwenye mashamba ya misheni na kuenea kwa wakulima wadogo wakati wa Waingereza, iliwafanya watu wang'ang'anie viwanja vyao, kwa kuwa hakuna anayetaka kumwachia mwenzake miti aliyoipanda. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1958 juu ya umilikaji wa ardhi, alieleza jinsi uhaba wa ardhi ulivyokuwa ukiibadilisha jamii. Watu walitulia, lakini malisho yalipungua, na malisho yakipungua ng'ombe hupungua, na samadi pia. Wakati huohuo wanaume, ambao ndio waliolima matuta, walikwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na baadaye katika migodi ya kusini.

Kwa hiyo kilichoidhoofisha bustani ya Rungwe ni kukatika kwa kamba iliyounganisha ng'ombe, mikono na mgomba. Si uvivu, wala si kuchoka kwa majivu. Historia yenyewe inaonyesha kwamba kamba hiyo hufungika tena. Ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani na kukatiwa majani, ambao leo wameifanya Rungwe ijulikane kwa maziwa, wamerudisha samadi karibu na nyumba katika zama ambazo malisho ya wazi yamekwisha. Ni mpango mpya wenye mantiki ya zamani. Mshauri wa kilimo anayefika Tukuyu mwezi Mei na mfuko wa mbolea ya dukani hakosei, lakini angeanza kwa kuuliza banda liko umbali gani kutoka kwenye migomba, na nani nyumbani ana nafasi ya kubeba samadi kabla ya baridi kuingia.