Mwaka 525 BK: Vita vya Aksum, mafuriko na tarehe iliyo kwenye simu yako

Ukifungua simu pale Olasiti, Arusha, mwaka unaouona unatokana na hesabu ya 525 BK. Haya ndiyo makubwa ya mwaka huo.

Aksum yavuka bahari: Mfalme Kaleb wa Aksum (leo Ethiopia na Eritrea) alivusha jeshi Bahari ya Shamu hadi Himyar, Yemen ya leo. Chanzo? Mwaka 523 mfalme wa Himyar, Yusuf Dhu Nuwas, aliwaua Wakristo wa Najran. Yusuf alipoteza kiti na maisha.

Edessa yafurika: Mto Daisan uliubomoa mji huo, sasa Şanlıurfa, Uturuki. Wengi walikufa.

Hesabu mpya: Mtawa Dionysius Exiguus, akiwa Roma, alikuwa anapanga tarehe za Pasaka. Hakutaka kuhesabu miaka kwa jina la Diocletian, kaisari aliyewatesa Wakristo. Akahesabu tangu kuzaliwa kwa Kristo.

Hesabu hiyo ilichukua karne kadhaa kuenea, kwa hiyo Kaleb hakujua kama yuko "525". Na hadi leo Ethiopia ina kalenda yake, iko nyuma yetu miaka 7 hadi 8.