Mwarobaini Haukuwepo Takwa

Kule Manda niliambiwa majani ya mwarobaini ni dawa ya mababu, eti yanalinda ini. Mababu gani? Watu wa Takwa waliuhama mji wao karne ya 17; inasemekana visima viliingia chumvi. Mwarobaini asili yake Bara Hindi, na pwani yetu ulifika karne ya 19. Wa Takwa waliujua mbuyu.

Si neno. Mgeni alipokelewa, akapewa jina la maradhi arobaini. Na majani yana kwasetini, inayokinga seli zisiharibiwe na oksijeni. Kule India, maji ya majani hayo yaliyapunguzia maini ya panya madhara ya parasetamoli. Panya, lakini. Mafuta ya mbegu za mti huohuo, madaktari wa Malaysia waliripoti mwaka 1981, yaliwadhuru watoto ini. Nikipewa chupa sasa nauliza: ya majani au ya mbegu?